Keya na Majina Yasiyoshonwa

Mzee mmoja wa Tukuyu, ambaye nilipanga chumba nyumbani kwake msimu mmoja wa mvua, alinikuta barazani nikisoma kitabu kinene cha Kiingereza, akaniuliza kinahusu nini. Nikamjibu kuwa ni historia ya Keya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi mwanangu, nitafutie humo jina la babu yangu. Keya walimchukua hapa hapa, hakurudi." Nikamwitikia, "Nitatafuta, tata." Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Kitabu chenyewe ni cha Luteni Kanali Hubert Moyse-Bartlett, kilichopigwa chapa Aldershot, Uingereza, mwaka 1956, kikiwa na kurasa zaidi ya 700. Hadi leo ndicho msahafu wa rejimenti ya King's African Rifles, ambayo wazee wetu, kwa kutotaka kujichosha ulimi, waliifupisha ikawa Keya. Mimi sikukaa darasani kujifunza Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi na kwa ukaidi, na kitabu kama hiki hunilazimisha kusoma polepole. Usomaji wa polepole una faida yake. Anayekwenda mbio huona vita. Anayejikokota huanza kuona ni nani anayetajwa na ni nani anayehesabiwa tu.

Sitaki kumdhulumu mwandishi. Ana subira ya nahodha anayeandika safari yake siku kwa siku. Anatueleza jinsi vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda vilivyounganishwa tarehe 1 Januari 1902 kuwa rejimenti moja. Vita vilipoanza mwaka 1914 Keya ilikuwa na batalioni 3 tu. Vilipokwisha mwaka 1918 zilikuwa 22, na askari wake Waafrika walizidi 30,000. Sisi wa visiwani tumo pia, kwani batalioni ya 7 ilitungwa mwaka 1917 kwa askari wa Unguja na wa Mafia. Ya 6, ambayo baadaye ilikuwa jeshi la Tanganyika, ilianza mwaka huo huo ikiwa na askari wengi waliokuwa wakimpigania Mjerumani, wakatekwa, wakavishwa sare nyingine. Mtu aliyebadili mfalme bila kubadili bunduki ni kisa ambacho mtunzi wa tenzi angekihangaikia usiku kucha. Moyse-Bartlett anakipita kama jambo la utawala.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni mila. Jeshi la miguu la Kiingereza huishi kwa mila zake: nambari ya batalioni, ngoma, beji ya kofia, na juu ya yote bendera. Juu ya kitambaa cha bendera hushonwa kwa uzi majina ya mapigano ambayo rejimenti imeruhusiwa kujivunia. Keya ilirithi mila hiyo, na majina yaliyoshonwa ni yetu. Narungombe, bara ya Kilwa, ambako watu walichinjana Julai 1917. Nyangao, bara ya Lindi, Oktoba ya mwaka huo. Yasome kwa sauti, msomaji, moja baada ya jingine. Ni majina yenye mizani na mlio, kana kwamba mtu aliyafinyanga yawe vina. Vijiji vya Wamwera na jirani zao vikawa pambo la hariri la mfalme aliyekaa ng'ambo ya bahari.

Sasa njoo Tukuyu. Wakati wa Wajerumani mji huu uliitwa Neu Langenburg, nao ndio waliojenga boma kwenye mwinuko, Mlima Rungwe ukiwa nyuma yake. Mwishoni mwa Mei 1916 Brigedia Jenerali Edward Northey aliingiza majeshi yake kutoka upande wa Nyasa na Rhodesia. Askari wa batalioni ya 1 ya Keya, chini ya Luteni Kanali Hawthorn, walitoka Karonga, wakauvuka mto Songwe, wakapanda. Wajerumani hawakungoja. Walijitoa kwenda upande wa kaskazini na mashariki, na mji ukachukuliwa karibu bila ya risasi. Kwa mwanahistoria wa rejimenti hiyo ni habari njema, lakini ni fupi: boma limetwaliwa, safu zinaendelea Njombe, tufungue ukurasa mwingine.

Kwa Rungwe huo ndio ukurasa wa kwanza. Tangu siku hiyo njia ya kutoka Mwaya, bandari ya ziwani, kupanda Tukuyu na kuvuka kwenda Njombe na Songea ikawa mshipa wa jeshi la Northey. Hakukuwa na reli, na magari yalikuwa machache na yalizama matopeni. Anayeijua mvua ya Tukuyu hahitaji kuelezwa zaidi. Risasi, unga na mchele vilikwenda juu ya vichwa na mabega. Aliyebeba chakula cha askari alikuwa naye ana tumbo, kwa hiyo kadiri safari ilivyorefuka ndivyo mzigo ulivyoliwa njiani na ndivyo watu zaidi walivyotakiwa. Katika vita vya Afrika ya Mashariki wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa, kwa hesabu za serikali yenyewe, walizidi 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Geoffrey Hodges, aliyeitafiti habari hii kwa miaka mingi, aliona kuwa idadi ya kweli ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kitabu, na si kwa sababu kimesema uongo. Mila ya kushona majina ina kipimo kimoja tu: mahali pa heshima ni pale damu ya askari ilipomwagika. Mahali palipotoa mabega hapana uzi. Tukuyu haimo kwenye bendera kwa sababu haikupiganiwa, na mwandishi, aliyelelewa katika mila hiyo, amebeba kipimo cha bendera akakitia katika kalamu. Maofisa wana majina. Askari Mwafrika hupata jina pengine, akivikwa nishani. Mchukuzi hupata tarakimu, na mara nyingi hata hiyo ni ya kukadiria.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeukaribia ukweli zaidi ni Rudyard Kipling, ambaye sikutarajia kumsifu katika kurasa hizi. Ndiye aliyeandika maneno ya sanamu za Askari zilizosimamishwa baada ya vita. Ile ya Dar es Salaam ni ya mwaka 1927. Humo wachukuzi wanatajwa bayana, na wanafananishwa na miguu na mikono ya jeshi. Kisha msomaji anaahidiwa kuwa akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nilimfasiria mzee wangu maana hiyo. Akaniuliza, "Hao wakiwa miguu na mikono, kichwa ni nani?" Kisha akauliza nchi gani inayosemwa. Sikuwa na jibu. Sitiari ya viungo vya mwili ni nzuri, bali inamtukuza mtu kwa kumkatakata. Na ahadi ya jina imechongwa kwenye sanamu ambayo jina la mchukuzi halimo.

Basi tuwaendee washairi wetu, wao wamefanya nini? Hemedi bin Abdallah, aliyetunga juu ya vita vya Wadachi na watu wa Mrima, aliandika habari ya majirani zake, na majina yamejaa. Shaaban Robert alikuja kuvitungia Vita vya Pili utenzi mkubwa, Utenzi wa Vita vya Uhuru, na ujasiri wa kuukumbatia ulimwengu mzima kwa Kiswahili ni wa kuvuliwa kofia. Lakini anavitazama vita kutoka juu, majemadari na mataifa wakitangulia. Kijana wa Rungwe aliyepelekwa Burma na Keya hatumwoni uso. Keya yenyewe ilikuwa na wimbo, Funga Safari, unaokwenda kwa swali na jibu kama ngoma zetu zote. Kwa muziki ni wimbo bora wa matembezi, miguu huufuata yenyewe. Kwa ushairi unaniudhi, maana ndani yake anayeulizwa hujibu daima kwa jina la mwenye amri, na anayetembea hajitaji.

Maneno ya mahali yametunza zaidi kuliko tungo. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la jeshi la wachukuzi lililotafunwa na midomo ya Waswahili. Kambi ya Colito, iliyopewa jina la pigano la batalioni ya 6 huko Ethiopia mwezi wa Mei 1941, ndiko maasi ya Januari 1964 yalikoanzia. Baada yake jeshi lililorithi Keya likavunjwa, na kambi ikaitwa Lugalo, pale Mkwawa alipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Huo nao ni ushonaji wa majina. Mila imebaki ile ile, uzi ndio uliobadilishwa.

Nimeanza kuzitafsiri kurasa za Rungwe, na nimekwama kwenye neno moja. Kamusi inanipa "wapagazi". Lakini mpagazi wa misafara ya zamani alikuwa mtu wa kazi yake, mwenye ujira, mwenye nyimbo na majivuno, aliyejua atarudi lini. Huyu wa 1916 aliokotwa shambani. Upande wa Nyasa na Rhodesia waliwaita tengatenga, neno linalosikika kama mzigo wenyewe unaohamishwa kutoka bega hadi bega. Nimelichagua hilo, nikijua kuwa msomaji wa Unguja au Lamu atasitasita. Asitesite kwa muda mrefu, atalizoea.

Jina la babu yake mzee sikulipata. Alinitajia mwenyewe siku niliyokuwa nikiondoka, akalirudia mara mbili ili nisikosee herufi. Katika tafsiri sikulitia, maana mwandishi hakuliandika na mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza. Nimeliandika kwa penseli katika nakala yangu, pembeni mwa ukurasa wa Mei 1916.