Matangi ya Bia Ndani ya Enterprise

Mashabiki wengi wa Star Trek walipoiona Enterprise ya J.J. Abrams mwaka 2009, walicheka: chumba cha kuongozea chombo kimegeuka duka la Apple, cheupe, taa zinakupiga machoni. Mimi hicho nilikizoea upesi. Kilichonikwaza ni chumba cha injini, kilichopigwa picha ndani ya kiwanda cha bia cha Budweiser, Van Nuys, California. Matangi, mabomba, unasubiri kreti zipite. Watetezi wanasema meli halisi ndivyo zilivyo. Sawa. Lakini Enterprise ya 1966, pamoja na mbao zake zilizopakwa rangi, ilikuwa chombo kimoja. Katika hii ukishuka ghorofa unaingia filamu nyingine. Katika filamu ya 2013 wakatumia maabara ya leza ya Livermore, na hapo ndipo nikaamini kinaweza kuruka.