Albamu Inakuja: Sauti Sol na Ule Mwaka Tuliokosa Pa Kwenda

Kila wiki kuna msanii Nairobi anayetuambia albamu inakuja. Kwanza anafuta picha zote Instagram. Halafu tunapewa video fupi ya studio, msee amevaa hedfoni, kichwa kinatikisika, sauti imezimwa tusijue anaimba nini. Baadaye kava, kisha tarehe, kisha orodha ya kolabo huku majina yamefichwa. Siku yenyewe ikifika tunasikiliza ngoma mbili tatu, tunaandika kwamba ni moto, na Jumatatu tunaendelea na maisha.

Watu husema shida ni kelele nyingi kabla ya kazi. Mimi naona shida huanza mapema kuliko hapo. Namna albamu itakavyouzwa huamua namna itakavyotengenezwa, na ukisikiliza vizuri unaisikia ndani ya nyimbo zenyewe. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Kati ya 2015 na 2020 Sauti Sol walitoa albamu tatu, na kila moja waliiuza kwa njia yake. Ni wale wale wanne, Bien, Chimano, Savara na Polycarp, lakini albamu zenyewe hazifanani.

Tuanze na Live and Die in Afrika, iliyotoka Novemba 2015. Waliiweka mtandaoni bure kwa muda mfupi, ukiwahi unapakua, na wengi wetu tuliwahi. Lakini kazi ya kuitangaza ilikuwa imefanyika zamani. Nishike ilikuwa imetoka 2014 na kuzua mjadala kuhusu video yake ya vifua wazi. Sura Yako ilikuwa imepigwa kwa kila harusi, na mwaka huo huo wa 2014 wakashinda tuzo ya MTV Europe ya msanii bora wa Afrika. Nerea nayo ilikuwa imezunguka redioni 2015. Kwa hivyo albamu ilipofika, ilikuwa kama mavuno ya shamba ambalo tayari tulikuwa tunakula mahindi yake mabichi. Tuliipenda, lakini tuliipenda jinsi mtu anavyopenda albamu ya picha za familia: unapekua ukitafuta zile unazozijua. Nyimbo mpya zilikaa katikati ya vigogo zikipigania nafasi, na chache tu ziliipata.

Mwaka 2018 wakaja na mpango wa Afrikan Sauce. Wazo lilikuwa kutoa kolabo moja kila mwezi, kila mara na msanii mwingine wa Afrika. Kibiashara ni mpango wa akili. Kila mwezi una habari mpya, kila mgeni anakuja na mashabiki wa nchi yake, na jina lako halipoi. Patoranking alikuwa kwenye Melanin, Burna Boy kwenye Afrikan Star, Tiwa Savage kwenye Girl Next Door, Khaligraph Jones kwenye Rewind. Ukichukua ngoma moja moja, kadhaa ni kali sana. Tujiangalie, waliyofanya na Nyashinski, ni kati ya nyimbo bora walizowahi kuandika. Ilitoka nchi ikiwa bado na vidonda vya uchaguzi wa 2017, ikatuambia tujitazame wenyewe kabla ya kunyooshea wengine kidole. Wimbo kama huo hauna sababu ya kusubiri albamu. Unatoka siku unayohitajika.

Ila jaribu kusikiliza Afrikan Sauce yote kwa mkao mmoja. Ni kama matatu ya masafa marefu: kila steji mtu anapanda, mwingine anashuka, na wewe uliyekaa dirishani huwezi kusema safari ilikuwa inahusu nini. Kila wimbo umejengwa ukimtazama mgeni wake. Lazima kuwe na pengo la ubeti wa mgeni, lazima mdundo uelekee kwao kidogo, lazima kiitikio kiingie haraka kwa sababu mwezi ujao kuna kingine. Kalenda ndiyo ilikuwa prodyusa wa tano.

Halafu ikaja Midnight Train. Safari hii walikuwa wamesaini na Universal Music Africa, na matayarisho yalifuata mkondo wa kampuni kubwa. Suzanna na Insecure zikatangulia, tarehe ikatangazwa, na wageni wakatoka mbali: India Arie, Soweto Gospel Choir, Sho Madjozi, Black Motion. Kilichofuata kwa kawaida kingekuwa ziara, maklabu, matamasha, mahojiano ana kwa ana. Albamu ikatoka tarehe 5 Juni 2020. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya kafyu iliyoanza Machi, saa moja jioni kila mtu awe kwake. Nairobi ilikuwa imefungwa, huingii hutoki. Treni ya abiria ya kwenda Mombasa ilikuwa imesimamishwa. Wakatuletea treni ya usiku wa manane mwaka ambao hata ya mchana haikuwepo.

Kwa mtu wa mauzo hiyo ni ajali. Kwangu mimi ndiyo sababu albamu hiyo ilisikika. Hatukuwa na pa kwenda. Nilikuwa ndani, vyombo vimeshaoshwa, simu iko kwa meza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliacha nyimbo zifuatane. Na kumbe zilikuwa zinajuana. Kuna uchovu wa kutafuta maisha mwanzoni, kuna mapenzi yenye wasiwasi katikati, na Brighter Days ikifika inafika kama sala ya mtu aliyechoka kweli, si mapambo ya kwaya. Disco Matanga ndiyo ilinishika zaidi. Kule Magharibi, disko ya matanga ni ule usiku wa kucheza muziki nyumbani kwa marehemu, kilio na densi vikikaa uwanja mmoja. Wimbo huo ulitufikia wakati mazishi yalikuwa ya watu wachache na ya haraka, bila kukesha. Hakuna ofisi ya matangazo ingeweza kupanga hilo. Ulikuwa wimbo wa kuchezea, ukageuka kumbukumbu ya kitu tulichonyang'anywa.

Sisemi Midnight Train haina doa. Mahali pengine imesafishwa sana, sauti zinateleza bila mkwaruzo wowote, na unahisi kuna mtu Johannesburg ama London aliyekuwa akifikiriwa. Rhumba Japani, yenye wasanii wa lebo yao ya Sol Generation wakipokezana, ni tamu lakini pia ni bango. Extravaganza ilikuwa imeshafanya kazi hiyo hiyo 2019. Hata katika albamu yao iliyoshikana zaidi, matangazo yalipewa kiti.

Najua jibu la wasanii, na ni jibu halali. Nani analipia studio? Mapato ya kusikilizwa mtandaoni kwa wengi ni sarafu ndogo. Msanii wa Nairobi anaishi kwa shoo, kwa Skiza, kwa mikataba ya kutangaza bidhaa, na shoo huitwa kwa sababu ya hit moja, si kwa sababu wimbo wa tisa una daraja zuri. Kumwambia atengeneze albamu yenye uti wa mgongo wakati kodi inangoja ni rahisi kwa mtu anayeandika kama mimi. Na sisi mashabiki tuna mkono humu. Tunalalamika kwamba hakuna albamu za maana siku hizi, halafu yenyewe ikitoka tunaruka hadi ile ngoma yenye jina kubwa.

Lakini basi tuwe wakweli. Kama mpango ni vibao kumi, toa vibao kumi, kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku yake kama Tujiangalie. Hakuna aibu. Usivifunge pamoja mwishoni na kutuita tuje kwa sherehe ya albamu. Neno hilo lina ahadi ndani yake, kwamba nikikupa chini ya saa moja ya maisha yangu utanipeleka mahali.

Sauti Sol walipumzika kama kundi baada ya Sol Fest ya Novemba 2023, na kila mmoja ana njia yake sasa. Bila shaka tutaambiwa tena albamu inakuja, na wao ama na wengine. Mimi nitaisubiri siku ninapotoka tao jioni kwenda Rongai. Hiyo foleni inatosha albamu nzima, kutoka wimbo wa kwanza, bila kuruka.