Sabuni Isiyobanduka

Protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli haitoki bila sabuni, na mara nyingi sabuni hiyohiyo ndiyo inayoiharibu. Mfano ni kipokezi cha adrenalini cha beta-2, kinacholengwa na salbutamoli wanayovuta wagonjwa wa pumu. Kinaupenya utando mara saba, na sehemu iliyozama ndani ya mafuta haivumilii maji.

Kwa miaka mingi maabara zilitegemea dodesili maltosidi: kichwa kimoja cha sukari, mkia mmoja wa kaboni 12. Ni sabuni ya upole, lakini haitulii. Molekuli zake hung'oka na kurudi kila mara, na zikipungua, protini hubaki uchi na kuporomoka.

Mwaka 2010 wanasayansi Pil Seok Chae, Samuel Gellman, Brian Kobilka na wenzao walieleza dawa ya tatizo hilo katika jarida la Nature Methods. Hawakutafuta sabuni kali zaidi. Walichukua kaboni moja, wakaifanya kitovu, wakaiotesha mikia miwili upande mmoja na vichwa viwili vya maltosi upande wa pili. Ni kama sabuni mbili zilizofungwa kiunoni. Katika ile iliyovuma zaidi, MNG-3, kila mkia una kaboni 10.

Jaribio la kuzimua ndilo linaloonyesha ufundi wenyewe. Kipokezi kilichokuwa kwenye sabuni ya zamani kilipozimuliwa mara elfu moja chini ya kiwango ambacho molekuli za sabuni hujikusanya, kilipoteza uwezo wa kushika dawa ndani ya sekunde chache. Kwenye MNG-3 kiliendelea kuishika hata baada ya saa 24. Mikia miwili haiachii kirahisi.

Mwaka 2011, kwa msaada wa MNG-3, timu ya Kobilka ilichapisha umbo la kipokezi hicho kikiwa kimeshikana na protini ya G, inayopokea ujumbe wake ndani ya seli. Mwaka uliofuata yeye na Robert Lefkowitz wakapata Nobeli ya kemia. Sabuni haikufanya kazi hiyo peke yake: kingamwili ndogo ya lama nayo ilisaidia kuushikilia muungano huo.

Ung'ang'anizi huo una gharama. MNG-3 ni ngumu kuiondoa kwa dayalisisi, yaani kuichuja polepole kupitia utando wenye matundu madogo, kwa hiyo anayepanga kuirudisha protini kwenye mafuta afikirie mapema kabla ya kuichagua.