Kumpima nahodha baada ya mashindano

Wanairobi wengi wanaopanda ndege Wilson kwenda kutazama mashindano ya mashua Lamu huondoka ufuoni mara tu mshindi anapojulikana. Utamu wenyewe wanauacha nyuma. Siku ya mashindano chombo hujaa watu: wa kukalia ubao uliotokezwa nje upande wa upepo, wa kuhamisha viroba vya mchanga, wa kufua maji. Kwa kundi hilo hata nahodha wa kawaida ataonekana bingwa. Ikifika saa ya chombo kurudi kwao kisiwani Pate, vijana wengi wamebaki mjini kusherehekea, na nahodha ana mabaharia wawili tu. Omba lifti hapo.

Kabla ya nanga kung'olewa, tazama tanga. La mashindano ni kubwa mno, na watu watatu hawana uzito wa kulihimili. Anayejua kazi yake hulitua, akalifungua kwenye foromali na kufunga dogo, wenzake wamcheke wasimcheke. Viroba navyo huvilaza chini katikati ya chombo, maana hakuna tena wa kuvihamisha kila wanapogeuka.

Kisha msikilize akigeuza. Wakati wa kaskazi Pate iko huko huko upepo unakotoka, kwa hiyo safari ni bisho juu ya bisho, na kila mara foromali ivushwe upande wa pili wa mlingoti. Fundi huita mapema, kwa sauti ya mazungumzo. Mmoja yuko kwenye kamba ya demani, mwingine ameshafika mbele, na chombo kinageuka kingali na mwendo. Ukisikia kelele kama za makanga wa Tom Mboya, tanga likipigapiga na chombo kikirudi kinyumenyume, umeshapata jibu.

Lakini mtihani hasa ni Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao hupitika maji yakijaa. Hesabu hiyo nahodha mzuri ameipiga tangu asubuhi, kabla hata ya kuwaza kombe. Humo ndani nafasi ya bisho ni finyu, kwa hiyo pondo hutolewa. Akiwasha mashini hapo simpunguzii alama. Akiiwasha nje, upepo ukiwa mzuri, nampunguzia. Na mkikuta maji yanatoka, akatia nanga na kuinjika chai, usinung'unike. Anayelazimisha atawakwamisha kwenye tope mpaka maji yarudi, na mbu wa mikoko hawana huruma.