Walenisi: Riwaya ya Namna Gani?

Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, iliyochapishwa Kenya mwaka 1995, imewagawa wasomaji. Walimu tuliozungumza nao Kitahana, wilayani Kibondo, walitoa kauli mbili. Baadhi yao waliiita riwaya ya kisayansi, kwa kuwa Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa na kurushwa angani ndani ya chombo, akafika sayari nyingine. Wenzao walikataa. Jina la sayari hiyo, walisema, limeundwa kwa maneno “wale ni sisi”; kinachosimuliwa ni haki na dhuluma za hapa duniani, kama Shaaban Robert alivyoiweka Kusadikika angani mwaka 1951.

Kwa maoni yetu, mzozo huu umechochewa na istilahi. Tusemapo “utafiti wa kisayansi” twakusudia utafiti uliofuata njia za sayansi. Basi msomaji aambiwaye “riwaya ya kisayansi” hutazamia uthibitisho, na asipoupata hujiona amedanganywa. Afadhali “bunilizi ya sayansi”: neno la kwanza lakiri ubunifu, la pili lataja mada.

Hata hivyo, istilahi haiondoi dosari za kitabu. Mafunzo marefu anayopewa Dzombo ugenini yanapunguza mwendo wa kisa. Lakini mwalimu asiwalazimishe wanafunzi kuchagua upande mmoja. Safari ya angani ndiyo inayomwezesha Dzombo kuitazama jamii yake kwa mbali. Kitabu kistahili kusomwa kwa njia zote mbili.

Wasomaji wenye istilahi iliyo bora zaidi wanaombwa watuandikie.