Uwezo, Sababu, Nia

Nilipokuwa kidato cha tatu nilishindwa mdahalo kwa sababu ya Mwalimu Nyerere. Mada ilikuwa kama shule za bweni zifutwe au zibaki. Nikasimama mbele ya bwalo nikamalizia hoja zangu kwa kunguruma kwamba uwezo wa kuzifuta tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Bwalo zima likacheka. Mpinzani wangu hakuhangaika hata kunijibu. Aliinuka, akauliza, "Kwani Amin yuko wapi?" akakaa. Makofi hayo sijayasahau.

Swali lake lilikuwa uhakiki mzuri kuliko alivyojua. Kila msimu wa uchaguzi yupo mgombea anayeyachomoa maneno hayo matatu, na kila mara yanaanguka chini kama yangu. Kwa Mwalimu yalisimamaje?

Aliyasema tarehe 2 Novemba 1978 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Siku chache kabla, majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kuishika ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na Amin alikwisha kutangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Sisi wa WhatsApp tunakijua kipande cha sekunde chache tu, kile cha kumpiga. Ukitafuta rekodi iliyo ndefu kidogo utashangaa jinsi mzungumzaji alivyo mtulivu. Anaeleza kwanza kilichotokea, kama mzee wa ukoo aliyewaita wenzake sebuleni kuwaambia kwamba jirani amevunja mlango. Baadhi ya wazee wale alikuwa nao tangu siku za TANU. Watu wa namna hiyo huwahutubii kwa kupayuka; unawapa taarifa, kisha unawaambia umeamua nini. Na wananchi waliokuwa wamezunguka redio nchi nzima wakajikuta nao wameketishwa kwenye kikao cha wazee. Hiyo ni heshima, na mtu aliyeheshimiwa husikiliza vingine.

Kisha ndipo yanakuja yale matatu. Wanaofundisha kuhutubia hupenda kusifu utatu, kana kwamba namba tatu ina uchawi. Nadhani kazi kubwa inafanywa na kitu kidogo zaidi: kiambishi *tu-*. Hakusema kwamba yeye anao uwezo, wala kwamba serikali inao. Tena nomino imetangulia. Msikilizaji anakutana na kitu chenyewe, uwezo, nia, anakipima moyoni, ndipo anaambiwa kwamba ni chetu. Tunao. Tunayo. Mkia wa kitenzi unabadilika kufuata ngeli, kwa hiyo anarudia bila kulichosha sikio.

Tusisahau pia kwamba huyu ndiye aliyetafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare, kitabu kikatoka 1963. Aliupitia neno kwa neno ule uwanja wa Roma ambako Brutus anatoa sababu zake na kuondoka, kisha Antony analeta maiti na kuchukua umati wote. Diamond Jubilee hapakuwa na maiti. Kila aliyeketi pale alikuwa tayari na Kagera kichwani, na mzungumzaji alilijua hilo. Mimi na shule zangu za bweni hatukuwa na kitu kama hicho.

Hata hivyo lipo neno moja katika hotuba hii ambalo sijalimeza: uwezo. Sababu ilionekana na kila mtu. Nia kila mmoja aliisikia kifuani mwake. Lakini uwezo, ni nani ukumbini aliyeweza kuupima? Lilibebwa na wenzake wawili, likapita bila kuulizwa. Kwa upande wa silaha alikuwa sahihi, kwani Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Kwa upande wa mfuko wa nchi, waulizeni waliopanga foleni za sukari na sabuni miaka iliyofuata. Vita haikuwa sababu pekee ya foleni zile, lakini ilikuwamo.

Mjomba wangu alikuwa mgambo Bukoba mwaka ule. Nilimuuliza kama hotuba ndiyo iliyomshawishi kwenda.

"Hapana, mjomba," alisema. "Nilikuwa nimeshaona watu wanakuja kutoka ng'ambo ya mto na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa nimeshajiandikisha."

"Sasa ilikusaidia nini?"

Akafikiri kidogo. "Ilinisaidia kumwambia bibi yako. Nilikuwa sijui nianzeje. Tuliisikiliza pamoja, redio ya jirani, ilipokwisha nikamwambia, mama, umesikia."

"Bibi akasemaje?"

"Akauliza, utarudi lini?"

Akacheka. "Hilo Mwalimu hakuwa amelisema."