Pipa Lisilohesabiwa: Uhakiki wa Kifungu cha 45Q

Sheria ya kodi husomwa na wahasibu na mawakili, na kila mmoja hutafuta namba inayomhusu mteja wake. Mimi nataka kukisoma kifungu cha 45Q cha Sheria ya Kodi ya Marekani jinsi tunavyosoma tamthilia: nani amepewa nafasi jukwaani, nani yuko nyuma ya pazia, na sentensi zimejengwa ili zimwone nani. Wachumi na wanaharakati wamebishana sana juu ya maudhui yake. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, imo kwenye fani.

Kifungu kinatoa punguzo la kodi kwa kila tani ya hewa ukaa inayonaswa viwandani na kuzikwa ardhini. Kuzikwa huko kuna njia mbili. Hewa inaweza kupelekwa kwenye mwamba wenye maji ya chumvi na kubaki humo. Au inaweza kudungwa kwenye eneo la mafuta lililochoka, ambako pampu na maji vimeshatoa vilivyoweza. Ikipita shinikizo la baa 74 na joto la nyuzi 31 za Selsiasi, hewa ukaa hupenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika. Inapokutana na mafuta yaliyonasa kwenye vitundu vya mwamba huyavimbisha, huyafanya mepesi, kisha huyasukuma kuelekea kisima cha kutolea. Wahandisi hudunga hewa kwa muda, halafu maji, halafu hewa tena, ili hewa isikimbilie njia rahisi na kuyaacha mafuta nyuma. Mbinu hii ilianza kutumika kibiashara mwaka 1972 katika eneo la SACROC, kaunti ya Scurry, Texas. Siku hizo hewa ukaa ilikuwa bidhaa ya kununuliwa, na mhandisi hodari alikuwa yule aliyepata pipa moja kwa hewa kidogo kabisa.

Sasa tuiangalie sentensi inayofafanua hewa inayostahili punguzo. Ina masharti matatu. Hewa iwe imenaswa kwenye chanzo cha viwandani. Iwe ni hewa ambayo isiponaswa ingeachiwa angani. Tena iwe imepimwa pale inaponaswa na kuthibitishwa pale inapodungwa. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa. Hewa inanaswa, inapimwa, inathibitishwa, inadungwa. Ndiye mhusika mkuu, nasi tunamfuata kuanzia bomba la moshi hadi mdomo wa kisima, na hapo safari ya sentensi inakoma. Kinachotoka kwenye kisima cha pili, mita mia kadhaa kutoka hapo, hakimo.

Sharti la kati ndilo nguzo ya jengo zima, na nalisifu bila kusita. Sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyodungwa kwenye visima vya Marekani tangu miaka ya 1980 ilichimbwa kama gesi nyingine yoyote, kwenye hifadhi za asili kama McElmo Dome huko Colorado na Bravo Dome huko New Mexico, ikasafirishwa kwa mabomba hadi Texas. Hewa hiyo ilikuwa imelala salama chini ya ardhi. Hakuna ambaye angeiachia angani. Neno moja, ingeachiwa, linaifungia mlango. Mwandishi wa sheria ameonyesha umakini mahali pengine pia: hewa inayopanda pamoja na mafuta, ikatenganishwa na kurudishwa ardhini, haihesabiwi mara ya pili. Huyu ni mwandishi anayejua jinsi hesabu inavyoweza kudanganya, na ameziba mianya miwili kwa ustadi.

Kwa hiyo ukimya wake juu ya mafuta hauwezi kuelezwa kwa uzembe. Anaiuliza hewa: usiponaswa, ungekwenda wapi? Hayaulizi mafuta swali lile lile: yasipodungiwa hewa, yangekwenda wapi? Jibu la swali la pili linajulikana na kila anayefanya kazi hiyo. Yangebaki mwambani.

Mafuta yenyewe yameingia kwenye kifungu kwa mlango wa nyuma. Kinapofafanua mradi wa kuongeza uzalishaji wa mafuta, 45Q hakitumii maneno yake. Kinamwelekeza msomaji kwenye kifungu cha 43, kilichotungwa mwaka 1990 ili kuwapunguzia kodi wachimbaji wa mafuta magumu kutoa. Huko limeandikwa sharti kwamba mradi uwe unatarajiwa kuongeza mafuta yatakayopatikana kwa kiasi kisicho kidogo. Msomaji asiyefungua kifungu cha 43 hataliona. Akikifungua, atakuta kwamba sheria hii inayohesabu hewa inadai, kama tiketi ya kuingilia, ongezeko la mafuta, halafu hailiandiki ongezeko hilo popote kwenye daftari lake.

Tuchukue pipa moja. Mashamba ya mafuta ya Marekani kwa kawaida hudunga kati ya tani 0.3 na tani 0.6 za hewa mpya kwa kila pipa linalotoka. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hukadiria kwamba pipa likichomwa hutoa tani 0.43. Anayedunga 0.3 amezika kidogo kuliko kitakachotoka kwenye injini na matanuri ya wateja wake. Anayedunga 0.6 amezika zaidi, hata kama bado hatujahesabu umeme wa kunasia hewa wala kazi ya kiwanda cha kusafishia mafuta. Tofauti ya hawa wawili ni kubwa, na ndiyo hasa ambayo mtu anayejali hali ya hewa angetaka kuijua. Kwa macho ya 45Q tani ya wa kwanza na tani ya wa pili ni tani ile ile.

Wanaokitetea kifungu husema pipa hilo linachukua nafasi ya pipa jingine ambalo lingechimbwa kwingine. Ni hoja ya kuheshimiwa, kwa kuwa soko la mafuta ni moja. Lakini kila pipa jipya hushusha bei kidogo, na bei ikishuka watu huchoma zaidi, hivyo pipa jipya haliondoi pipa zima la zamani. Kiasi gani linaondoa ni swali la hesabu, na maandishi haya hayakuacha nafasi ya kuiandika.

Nafasi ilikuwepo wakati fulani, japo nyembamba. Mwaka 2008 kifungu kilipozaliwa, tani iliyozikwa moja kwa moja ililipwa dola 20, na tani iliyotumika kutolea mafuta dola 10. Mwaka 2009 Bunge likaongeza kwamba hata hewa ya visima vya mafuta lazima ihifadhiwe salama ardhini. Mwaka 2018 bei zikapandishwa, zifikie dola 50 na dola 35 ifikapo 2026. Sheria ya 2022 ikaweka 85 na 60. Tazama uwiano: nusu, kisha asilimia 70, kisha karibu asilimia 71. Pengo hilo halikuelezwa kwa neno hata moja, lakini lilisema jambo. Lilikuwa mahali pekee ambapo umbo la kifungu lilikiri kwamba tani hizi mbili si sawa, kwamba moja ina mafuta nyuma yake. Tarehe 4 Julai 2025 sheria mpya ya bajeti ilisawazisha bei: mitambo mipya hulipwa 85 kwa njia zote mbili. Kwa mhakiki wa fani, hilo ndilo badiliko zito kuliko yote. Alama ya mwisho ya pipa imefutwa kwenye maandishi.

Na tuone bei hiyo inafanya nini kisimani. Kwa dola 85, anayedunga tani 0.3 anapata dola 25.50 za kodi kwa kila pipa, juu ya bei ya pipa lenyewe. Ni kweli kunasa na kusafirisha hewa kunagharimu, na punguzo linaanzia kwa mwenye mtambo wa kunasia, ambaye anaweza kumwachia anayedunga. Tangu 2022 linaweza hata kuuzwa kwa fedha taslimu kwa kampuni isiyohusika kabisa. Hata hivyo hewa iliyokuwa gharama siku za SACROC sasa ni mapato, na mhandisi aliyefundishwa kuibana ana sababu ya kuidunga kwa wingi. Hapo pana jambo jema: hewa zaidi inabaki chini. Pana na jambo baya: eneo la mafuta ambalo lingefungwa kwa kukosa faida linaendelea kuishi.

Mtu angeweza kusema sheria ya kodi ni chombo butu, haiwezi kubeba mambo mengi. Kifungu chenyewe kinamkanusha, mara mbili. Tangu 2022 bei ya msingi imeandikwa dola 17, na huzidishwa mara tano kwa mwajiri anayelipa ujira unaokubalika wa eneo lake na kuchukua wanagenzi. Yaani fundi wa kuchomelea vyuma ameingizwa ndani ya namba. Akipunjwa, 85 inarudi kuwa 17. Pili, aya inayohusu hewa inayotengenezewa bidhaa, kama zege au mwani, inamtaka mlipakodi aonyeshe uchambuzi wa hewa chafu yote inayotokana na bidhaa yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mtengeneza matofali ya zege anaulizwa maisha yote ya tofali. Mwenye kisima cha mafuta haulizwi maisha ya pipa. Nimezisoma aya hizi mbili bega kwa bega, na siwezi kuziona kama kazi ya kalamu isiyojua inachokiacha.

Ulaya waliandika kwa utanzu mwingine. Soko lao la vibali lilianza 2005, na msingi wake ni deni: kila mwaka mwenye mtambo huwasilisha vibali sawa na tani alizotoa, na jumla ya vibali ina kikomo. Hewa iliyonaswa na kuzikwa daima kwenye hifadhi yenye leseni haihesabiwi deni. Hakuna anayelipwa kwa kuzika, anasamehewa kulipa. Msamaha huo una thamani kulingana na bei ya kibali, ambayo Februari 2023 ilivuka euro 100. Maelekezo ya Ulaya ya 2009 kuhusu kuzika hewa yanatamka waziwazi kwamba kuongeza uzalishaji wa mafuta peke yake si jambo yanalolisimamia. Mafuta yakichomwa kwenye mtambo wa umeme ulio ndani ya soko hilo, huyo mchomaji naye ana deni lake. Mafuta yanayouzwa nje hayafuatwi, na hilo ni pengo la kweli. Lakini sentensi ya deni inamngojea mchomaji mbele ya safari. Sentensi ya zawadi haina anayemngojea.

Hata wakati umejengwa tofauti. Kanuni za Marekani za 2021 zinairuhusu mamlaka ya kodi kurudi nyuma miaka mitatu kudai fedha ikiwa hewa imevuja. Ulaya inataka, kwa kawaida, angalau miaka 20 ipite tangu hifadhi kufungwa kabla dhamana haijahamia kwa serikali. Na uthibitisho ulishawahi kulegea vibaya: mwaka 2020 mkaguzi mkuu wa masuala ya kodi wa Hazina ya Marekani alieleza kwamba kati ya takribani dola bilioni 1 zilizodaiwa chini ya 45Q, karibu dola milioni 894 zilidaiwa na kampuni ambazo hazikutimiza masharti ya ufuatiliaji.

Msuko wenyewe ulionekana Petra Nova, karibu na Houston. Mtambo huo wa kunasia hewa uligharimu kama dola bilioni 1, ukaanza kazi Januari 2017 kwenye kituo cha umeme wa makaa, na kuipeleka hewa kwa bomba la kilomita 130 hadi visima vya West Ranch. Mwaka 2020 bei ya mafuta ilipoanguka, ulizimwa, wakati kituo cha makaa kikiendelea kufua umeme na kutoa moshi. Uliwashwa tena Septemba 2023. Aliyeamua lini hewa inaswe alikuwa bei ya mafuta, yule mhusika ambaye maandishi hayamtaji.

Kurekebisha hakuhitaji kubuni kifungu kipya. Aya ya zege ipo tayari, na inatosha kuifanya ihusu pia hewa inayodungwa kwa ajili ya mafuta. Mwaka 2018, 2022 na 2025 Bunge lilikifungua kifungu hiki na kubadilisha bei, na mara zote tatu halikuandika sentensi hiyo.